Ukatili kama Sababu ya Talaka na Hatima ya Hifadhi na Matunzo ya Watoto: Uchambuzi wa Sheria ya Ndoa ya Mwaka 1971 kwa Kurejelea Kata ya Daa, Wilaya ya Karatu

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna sheria ya Tanzania Bara inavyoshughulikia talaka inayoombwa kwa sababu ya ukatili, pamoja na amri mbili zinazoambatana nayo: hifadhi ya watoto na matunzo yao. Ufafanuzi umejengwa juu ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, maamuzi ya mahakama za rufaa, na maandiko ya kianthropolojia kuhusu jamii za Karatu, Ngorongoro na maeneo jirani. Kata ya Daa imechukuliwa kuwa mahali pa kuipimia sheria: je, kanuni iliyotungwa kwa ajili ya nchi nzima inamfikiaje mke wa mkulima ambaye kipato cha kaya yake huja kwa msimu, ambaye lugha yake ya nyumbani siyo lugha ya mahakama, na ambaye ukoo wa mumewe unawahesabu watoto kuwa ni wake? Hoja ya makala ni kwamba amri za talaka, hifadhi na matunzo, ingawa zimewekwa katika vifungu tofauti, hutegemeana kiasi kwamba udhaifu wa moja huzidhoofisha zote. Amri ya matunzo isiyotekelezeka huifanya hifadhi kuwa mzigo, na hifadhi isiyo na uhakika humfanya aliyeteswa kurudi katika ndoa iliyomtesa.

Maneno muhimu: talaka, ukatili, hifadhi ya mtoto, matunzo, Baraza la Usuluhishi la Ndoa, Wairaqw, Karatu

1.0 Utangulizi

Sheria ya Ndoa ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Kabla yake, ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kiserikali na za kimila kila moja ilikuwa na kanuni zake, na mke aliyepigwa na mumewe alipata au alikosa nafuu kutegemea aina ya ndoa aliyofunga. Mapendekezo ya Serikali ya mwaka 1969 kuhusu sheria moja ya ndoa yalilenga kuondoa tofauti hiyo. Matokeo yake yalikuwa sheria inayoruhusu ndoa kufungwa kwa taratibu mbalimbali, lakini inayotaka kuvunjika kwake kuthibitishwe mbele ya mahakama. Sambamba na hilo, sheria za nchi zilielekeza kwamba kanuni za kimila na za Kiislamu zisitumike katika jambo ambalo Sheria ya Ndoa imelitolea masharti.

Kwa upande wa ukatili, sheria hiyo ilileta mabadiliko mawili makubwa. La kwanza ni kuacha kuitazama talaka kuwa adhabu ya kosa la mwenzi na kuitazama kuwa tamko kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. La pili ni tamko la kifungu cha 66, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama ipo mila inayosema vinginevyo. Kifungu hicho ni kifupi, lakini kimefunga mlango wa utetezi uliokuwa ukitolewa na waume wengi, kwamba kipigo kilikuwa ni maonyo.

Hata hivyo, kuwapo kwa kifungu si sawa na kufikiwa kwa haki. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Miaka 45 baada ya kifungu cha 66 kuanza kutumika, bado kipigo kilikuwa sehemu ya maisha ya wanawake wengi. Swali linalohitaji kujibiwa, kwa hiyo, si kama sheria inakataza ukatili, bali ni kitu gani kinasimama kati ya katazo hilo na mtu anayelihitaji.

2.0 Daa na Mazingira Yake ya Kijamii

Daa ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990. Wakazi wengi wa nyanda za juu za Karatu ni Wairaqw, ambao kwa Kiswahili cha kawaida huitwa pia Wambulu. Lugha yao ni ya kundi la Kikushi, na chimbuko lao la kihistoria ni milima ya Mbulu, walikotoka na kusambaa kuelekea kaskazini hasa katika karne ya 20. Jirani nao wapo Wadatooga wafugaji, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, na Wamaasai wa Ngorongoro.

Uchumi wa eneo hili una uzito katika mada hii. Kaya za nyanda za juu hulima mahindi, maharage, mbaazi na ngano, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Upande wa Mang'ola kilimo cha umwagiliaji cha vitunguu ndicho kinacholeta fedha, na Oldeani inajulikana kwa kahawa tangu enzi za walowezi. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kimepigwa marufuku, hivyo mali ya kaya ni mifugo. Jambo linaloziunganisha kaya hizi ni kwamba chache sana hupata fedha kwa mwezi. Fedha huja mavuno yanapouzwa au mnyama anapopelekwa mnadani, na kwa kawaida anayepokea fedha hizo ni mwanamume.

Jamii hizi huhesabu nasaba kwa upande wa baba. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na mahari ina maana ya kumhamisha mke na uzao wake kuingia katika ukoo huo. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mila haikumpa mke ulinzi wowote. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeandika kuhusu Wabarabaig, tawi la Wadatooga, katika miaka ya 1960, alieleza baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga, ambalo huketi kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya mfugo. Miongoni mwa watu haohao, mke huolewa akiwa na ng'ombe kutoka kwao, ambao mume hawezi kuwatumia apendavyo.

Mfano huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, wazo kwamba ukatili wa mume ni kosa linaloihusu jamii nzima si wazo geni lililoletwa na Bunge. Pili, ulinzi wa kimila ulikuwa na nguvu kwa sababu ulisimama juu ya mali na juu ya umoja wa wanawake. Hata hivyo, ulilenga kumrudi mume ili ndoa iendelee. Haukukusudiwa kumsaidia mke kuondoka na watoto wake, na hapo ndipo sheria ya nchi inapoitwa.

3.0 Ukatili katika Sheria ya Ndoa

3.1 Maana ya Ukatili

Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Miongoni mwake ni ugoni, kutelekeza, kumhama mwenzi kwa miaka isiyopungua 3, kifungo cha muda mrefu, na ukatili. Ukatili umeelezwa kuwa ni wa kiakili au wa kimwili, uliofanywa na mdaiwa dhidi ya mdai au dhidi ya watoto wa ndoa hiyo. Sheria haikuendelea kutoa fasili.

Kwa kukosekana kwa fasili, mahakama zilirejea urithi wa sheria ya Kiingereza. Katika shauri la Russell la mwaka 1897, chombo cha juu cha rufaa cha Uingereza kiliamua kwamba ukatili ni mwenendo unaohatarisha uhai, mwili au afya ya mwili au ya akili, au unaoleta hofu ya msingi ya hatari hiyo. Kipimo hicho kilikuwa kikali, kwa kuwa matusi na fedheha peke yake havikutosha. Mwaka 1963, katika shauri la Gollins, chombo hichohicho kiliamua kwamba si lazima kuthibitisha nia ya kutesa, kwa kuwa linaloangaliwa ni athari ya mwenendo kwa aliyetendewa. Sheria ya Tanzania ilitungwa miaka 8 baadaye, na kwa kuandika waziwazi kwamba ukatili wa kiakili unatambuliwa, iliegemea upande wa uamuzi huu wa pili.

Maneno "dhidi ya watoto" nayo hayapewi uzito unaostahili. Mke ambaye mwenyewe hakupigwa, lakini ambaye watoto wake wanapigwa kupita kiasi au wanafukuzwa nyumbani usiku, ana sababu kamili ya kuomba talaka. Ushahidi uleule unaothibitisha ukatili wa aina hiyo ndio utakaotumika baadaye kuamua nani apewe hifadhi. Hapa sheria yenyewe imeshona talaka na hifadhi kwa uzi mmoja.

3.2 Uthibitisho

Shauri la ndoa ni shauri la madai. Mdai hatakiwi kuthibitisha pasipo shaka yoyote, bali kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko ya mdaiwa. Aidha, Mahakama ya Mwanzo haifungwi na Sheria ya Ushahidi, kwa kuwa ina kanuni zake nyepesi zaidi. Kwa nadharia, basi, mlango ni mpana.

Katika utendaji, ushahidi wa ukatili wa nyumbani una ugumu wake. Tendo hufanyika ndani, usiku, na mashahidi ni watoto au ndugu wa mume wanaoishi katika kiunga kimoja. Nyaraka yenye uzito ni Fomu ya Polisi Namba 3, maarufu kwa jina la PF3, inayojazwa na mganga baada ya majeruhi kupitia kituo cha polisi. Kukosekana kwa fomu hiyo hakulifuti dai la madai, kwa kuwa ushuhuda wa mdai, wa jirani, wa kiongozi wa kitongoji au wa mtoto mwenye uelewa unaweza kutosha. Lakini mdai asiyejua hivyo huacha kwenda mahakamani kwa kuamini kwamba hana ushahidi.

Ukatili wa kiakili una ugumu wa ziada, nao ni lugha. Matusi, vitisho na laana hutamkwa kwa Kiiraqw, na hueleweka kwa uzito wake wote ndani ya Kiiraqw. Mahakamani husimuliwa kwa Kiswahili. Laana inayoweza kumfanya mtu atengwe na majirani, ikitafsiriwa, husikika kama hasira ya kawaida. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika ngazi zote yalikuwa hatua kubwa kwa Watanzania wengi. Kwa mwanamke mzee wa kijijini ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, bado ipo hatua moja iliyosalia. Hakimu anayetaka kuupima ukatili wa maneno hana budi kuuliza si tu neno lilisemwaje, bali lilimfanyia nini aliyelisikia: je, aliacha kula, alihama chumba, alikimbilia kwao?

4.0 Mlango wa Baraza

Kabla ya kufika mahakamani, mdai sharti apitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka bila mgogoro kupelekwa kwanza barazani na Baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Kifungu cha 102 kinataka kila kata iwe na Baraza, na kifungu cha 103 kinataka liwe na mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Hati ya Baraza hutolewa kwa fomu iliyowekwa na kanuni za mwaka 1971, na kwa mujibu wa kifungu cha 106 iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa.

Sharti hili si la kupuuzwa. Katika Rufaa ya Madai Na. 246 ya mwaka 2019, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba shauri la talaka lililofunguliwa bila hati halali ya Baraza limefunguliwa kabla ya wakati wake na halistahili kusikilizwa. Maana yake ni kwamba barua ya mwenyekiti inayosema tu kwamba wanandoa "wameshindwana", bila kuonyesha kwamba wote waliitwa, walisikilizwa, na usuluhishi ukashindikana, inaweza kubomoa shauri zima miaka kadhaa baadaye, baada ya talaka kutolewa na mali kugawanywa.

Kwa mwathirika wa ukatili, Baraza lina sura mbili. Upande mmoja, liko karibu, halina gharama kubwa, na wajumbe wake wanaifahamu lugha na familia. Upande mwingine, ukaribu huo ndio tatizo. Wajumbe wanaweza kuwa wa ukoo wa mume au wazee walioshuhudia mahari ikitolewa, na kazi yao kwa jina lake ni kusuluhisha. Mke anayeeleza kipigo mbele yao, kisha akaambiwa arudi nyumbani "kujaribu tena" kwa miezi mitatu, anarudi kwa mtu ambaye sasa anajua kwamba ameshtakiwa.

Bunge liliiona hatari hiyo, angalau kwa sehemu. Kifungu cha 101 kinaorodhesha hali ambazo sharti la Baraza linaondolewa: mwenzi ametelekeza na haijulikani alipo, yuko nje ya nchi na hatazamiwi kurudi ndani ya miezi 6, amekataa kwa makusudi kuitikia wito wa Baraza, amefungwa kwa muda mrefu, ana maradhi ya akili yasiyotibika, au zipo hali zisizo za kawaida zinazofanya kwenda barazani kusiwezekane. Kundi la mwisho ndilo linalomhusu mke anayetishiwa maisha. Lakini msamaha huo hautolewi wenyewe. Ni lazima uelezwe katika madai na uthibitishwe, na mdai asiye na wakili hawezi kuuomba msamaha asioujua. Vilevile kifungu cha 100 kinazuia talaka kabla ya miaka 2 ya ndoa bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hiyo hutolewa pale mdai anapoonyesha kwamba anapata taabu isiyo ya kawaida. Ukatili mkubwa ni taabu ya namna hiyo.

5.0 Hifadhi ya Watoto

Talaka ikitolewa, swali linalofuata ni watoto wakae wapi. Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 125, inaweka ustawi wa mtoto kuwa jambo la kwanza na kuu. Baada ya hapo mahakama huangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ya wazazi. Kifungu hichohicho kinaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 yafaa akae na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi.

Dhana hiyo imezaa dhana potofu. Katika mazungumzo ya kawaida, na wakati mwingine hata barazani, inasemwa kwamba mtoto akifikisha miaka 7 "ni wa baba". Sheria haisemi hivyo. Umri wa miaka 7 unaondoa tu msaada aliopewa mama, nao hauhamishii msaada huo kwa baba. Kuanzia hapo wazazi wote wawili wanasimama sawa mbele ya kipimo kimoja, ustawi wa mtoto, na sheria yenyewe inatahadharisha dhidi ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha. Mtoto aliyelelewa na mama kwa miaka 4 baada ya kutengana, anayesoma shule ya karibu na mwenye marafiki pale, hahamishwi kwa sababu tu ya siku yake ya kuzaliwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliimarisha msimamo huu. Kifungu cha 4 kinafanya maslahi bora ya mtoto kuwa jambo la kwanza katika kila uamuzi unaomhusu. Kifungu cha 39 kinaitaka mahakama iangalie, pamoja na mengine, umri na jinsia ya mtoto, maoni yake iwapo yametolewa kwa hiari, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na mwendelezo wa malezi. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuagizwa kuchunguza mazingira ya kila mzazi na kuleta taarifa. Mila za jamii, zinazotajwa katika Sheria ya Ndoa, zinabaki kuwa kitu cha kuangaliwa, lakini haziwezi kuushinda ustawi wa mtoto.

Ni vyema kusisitiza tofauti ambayo mara nyingi hupotea, yaani tofauti kati ya nasaba na hifadhi. Amri inayompa mama hifadhi haimwondoi mtoto katika ukoo wa baba yake. Jina lake, urithi wake na nafasi yake katika mambo ya ukoo vinabaki. Kinachoamuliwa ni nani amlaze, amlishe, ampeleke shule na zahanati. Baraza au hakimu anayelieleza jambo hili waziwazi kwa wazee wa upande wa mume huondoa sehemu kubwa ya upinzani, kwa kuwa hofu yao huwa ni kumpoteza mtoto wa ukoo, wala si nani atamvika viatu.

Je, ukatili dhidi ya mke unamwondolea mume sifa ya kupewa hifadhi? Sheria haijatamka hivyo moja kwa moja. Zipo hoja zinazotenganisha mume mbaya na baba mbaya. Lakini mtoto anayeshuhudia mama yake akipigwa ameumizwa, hata kama mkono haukumgusa yeye. Ikiwa kifungu cha 107 kinatambua ukatili wa kiakili kwa mtu mzima, haiingii akilini kuukana kwa mtoto aliyekuwa ndani ya chumba hichohicho. Matokeo ya ukatili katika talaka, kwa hiyo, yapaswa kuingia katika uchambuzi wa hifadhi. Hayaingii humo kama adhabu kwa baba bali kama taarifa kuhusu usalama wa mtoto, na kutembelewa na baba kunaweza kupangiwa masharti ya mahali, muda na mtu wa kusimamia.

6.0 Matunzo

6.1 Wajibu na Kiwango

Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamwekea mwanamume wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo na hali yake ya maisha. Mama anabeba wajibu huo pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Kwa kawaida amri hukoma mtoto anapofikisha miaka 18. Sheria ya Mtoto imepanua orodha ya mahitaji kwa kutaja matibabu, chanjo na nafasi ya kucheza, na inaitaka mahakama ipime kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao mengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi.

Hatua iliyopigwa inaonekana zaidi ikilinganishwa na ilikotoka. Sheria ya enzi za ukoloni kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyofutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Kwa miongo kadhaa, huku thamani ya shilingi ikiporomoka, ukomo huo ulibaki kwenye vitabu. Leo hakuna ukomo. Kiwango ni suala la ushahidi.

6.2 Tatizo la Mwezi

Hapa ndipo sheria na uchumi wa Daa vinapokosana. Amri za matunzo kwa desturi huandikwa kwa mwezi: kiasi fulani cha shilingi, kila mwezi, kupitia mahakama au akaunti. Mtindo huo unamfaa mtumishi mwenye mshahara, ambaye mwajiri wake anaweza kuagizwa kuukata. Mkulima wa mbaazi hana mshahara wa kukatwa. Baada ya mavuno anaweza kuwa na fedha za kutosha kulipa mwaka mzima, na miezi michache baadaye akawa hana kitu mfukoni kwa kweli. Akiitwa mahakamani wakati huo, anasema hana uwezo, na anasema kweli. Mama anayerudi mahakamani kila mara kuomba amri itekelezwe hutumia nauli inayokaribia kile anachodai, na baada ya safari chache huacha.

Sheria, hata hivyo, haijailazimisha mahakama kufuata kalenda ya mishahara. Kwa kuwa wajibu wa kifungu cha 129 unaweza kutekelezwa kwa kutoa vitu vyenyewe au kwa kulipa gharama zake, amri inaweza kutaja magunia ya mahindi na maharage yatakayotolewa wakati wa mavuno, sare na mahitaji ya shule yatakayonunuliwa kabla muhula haujaanza, na fedha taslimu baada ya msimu wa mauzo. Kwa mfugaji wa Ngorongoro, amri inaweza kutenga ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya watoto. Mahakama ina uwezo pia wa kuagiza mali iwekwe dhamana ya matunzo, na wa kubadilisha amri hali inapobadilika. Amri ya namna hii ni rahisi kuisimamia kwa kuwa kijiji kizima kinaona kama gunia limefika au halikufika.

6.3 Mali ya Ndoa kama Msingi wa Matunzo

Mahali ambapo kipato ni cha msimu, matunzo ya kweli hutokana na mali. Kifungu cha 114 kinaruhusu kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na miongoni mwa mambo ya kuzingatia ni mahitaji ya watoto wadogo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali. Baadaye, katika Rufaa ya Madai Na. 102 ya mwaka 2018, Mahakama hiyo ilisisitiza kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi.

Kwa mke wa Daa, kikwazo ni ardhi. Shamba huelezwa kuwa ni la ukoo, kwa hiyo si mali ya ndoa. Wakati mwingine dai hilo ni sahihi. Lakini sheria inatambua pia mali iliyokuwapo kabla ya ndoa na ikaendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine au kwa juhudi za pamoja. Matuta yaliyochimbwa kuzuia mmomonyoko, miti iliyopandwa, nyumba iliyoezekwa bati, na ng'ombe walioongezeka kwa uangalizi wa mke ni juhudi zinazohesabika, mradi zitajwe na zithibitishwe moja moja.

6.4 Wasio na Cheti

Wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa rasmi hawajaachwa nje kabisa. Kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kupata hadhi ya mume na mke mbele ya jamii. Hata dhana hiyo ikipingwa kwa mafanikio, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine, ikiwamo hifadhi.

7.0 Mjadala: Amri Tatu, Uamuzi Mmoja

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mke mwenye watoto watatu, wa miaka 3, 6 na 9, anathibitisha kwamba mumewe amekuwa akimpiga. Mahakama inavunja ndoa. Inampa mama watoto wawili wadogo, na wa tatu inamwacha kwa baba kwa kuwa amevuka miaka 7. Inaagiza matunzo ya fedha kila mwezi. Kwenye karatasi, mdai ameshinda kila dai kuu.

Mwaka mmoja baadaye hali ni nyingine. Fedha ya mwezi imelipwa mara mbili. Mama anaishi kwa kaka yake, ambaye ardhi yake haitoshi watu wake mwenyewe. Mtoto wa miaka 9 haji tena kuwaona wadogo zake. Baba anatuma ujumbe kupitia wazee kwamba mama akirudi watoto watakuwa pamoja na watakula. Mama anarudi. Hukumu haijatenguliwa na mahakama yoyote. Imetenguliwa na njaa na upweke wa mtoto.

Kosa katika mfano huo haliko katika kifungu kimoja. Talaka ilitolewa kihalali. Lakini hifadhi iliwatenganisha ndugu kwa kutumia umri kama kisu, kinyume na umuhimu wa ndugu kukaa pamoja. Matunzo yaliandikwa kwa kalenda isiyo ya mkulima. Mali haikuguswa. Kila amri ilipimwa peke yake na kuonekana inatosha, na zote kwa pamoja hazikutosha. Hii ndiyo sababu makala inadai kwamba katika mazingira kama ya Daa, swali la hakimu lisiwe tu "je, ukatili umethibitishwa?", bali pia "je, amri ninazotoa zinamwezesha aliyethibitisha ukatili kutorudi kwake?"

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Sheria ya Ndoa ya 1971 imekana kwa maneno ya wazi haki ya mwenzi kumpiga mwenzake, imetambua ukatili wa kiakili, na imeuweka ustawi wa mtoto juu ya madai ya wazazi. Upungufu unaoonekana zaidi umo katika njia ya kuifikia haki na katika utekelezaji wa amri.

Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, mabaraza ya kata yafundishwe kwamba mgogoro wenye ukatili mkubwa haurudishwi nyumbani kwa majaribio, na kwamba hati yao sharti ionyeshe kilichofanyika. Msamaha wa kifungu cha 101 uelezwe kwa mdai siku anapofika. Pili, dhana kwamba mtoto wa miaka 7 ni wa baba ikanushwe hadharani katika elimu ya sheria vijijini, sambamba na maelezo kwamba hifadhi haigusi nasaba. Tatu, amri za matunzo katika maeneo ya kilimo na ufugaji ziandikwe kwa kufuata msimu na kwa vitu vyenyewe pale inapofaa. Nne, watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wawemo wanaozungumza lugha za wenyeji, ili ukatili uliotendwa kwa Kiiraqw, Kidatooga au Kimaasai usipotee njiani kuelekea mahakamani.

Baraza la wanawake wa Kidatooga lilijua tangu zamani kwamba hukumu dhidi ya mume mkatili ina maana pale tu inapomgusa katika mifugo yake. Sheria ya nchi imekwenda mbali zaidi kwa kumpa mke haki ya kuondoka. Ili haki hiyo isibaki kuwa ya kusomwa, anayeondoka na watoto hana budi kuwa na mahali pa kwenda na kitu cha kuwalisha.